Kabichi na Majirani Zake: Bustani ya Kipupwe katika Milima ya Buhigwe

Mtu akiniuliza ni mboga gani zinazopatana tutani, siku hizi sianzi kwa kumtajia majina. Namuuliza kwanza kila mmea utakaa ardhini kwa muda gani, utafikia kimo gani na mizizi yake itashuka mpaka wapi. Maswali hayo yamenifaa kuliko orodha yoyote ya mimea inayosemekana kuwa ni marafiki au maadui, na yamenifaa zaidi wakati wa kipupwe, ambapo mboga hukua polepole na kila ndoo ya maji hupandishwa kwa mkono.

Bustani yangu iko wilayani Buhigwe, mkoani Kigoma, katika milima inayopakana na Burundi. Huku ardhi inapanda kupita mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, ilhali Ziwa Tanganyika, pale Kigoma mjini, liko kwenye mita 770 hivi. Tofauti hiyo ya mwinuko ndiyo inayotupa ubaridi ambao watu wa ziwani hawaujui. Mvua huanza mwishoni mwa Oktoba na kukatika mwezi Mei. Kuanzia Juni hadi Agosti anga huwa kavu, asubuhi vidole hufa ganzi, na upepo wa kusini mashariki hukausha udongo upesi kuliko jua lenyewe. Huo ndio msimu mzuri wa kabichi, karoti, vitunguu, njegere, saladi na spinachi, kwa kuwa joto haliziunguzi na magonjwa ya ukungu yanayoenea wakati wa mvua hupungua.

Tatizo la msimu huu ni maji. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito na vyanzo vingine vya maji. Ninaiona kuwa sheria ya haki, maana bonde lililolimwa hadi ukingoni haliwezi kuwalisha wajukuu. Lakini maana yake kwetu ni kwamba matuta yako juu na kijito kiko chini, na kati yake ni mteremko. Ukishapanda mteremko huo na ndoo kichwani, huwezi tena kuvumilia kuona nusu ya maji yakinywewa na udongo usio na kitu. Ni hesabu hiyo ya maji, kabla ya elimu yoyote ya wadudu au harufu, iliyonifanya nianze kuchanganya mboga katika tuta moja.

Chukua kabichi. Ushauri wa kawaida ni sentimita 60 kati ya mstari na mstari, na sentimita 45 kati ya mche na mche. Nafasi hiyo ni ya lazima, kwa sababu kabichi ikibanwa haifungi kichwa vizuri. Lakini siku ya kupandikiza, mche una majani manne au matano na hauzidi upana wa kiganja, na kwa baridi yetu ya Juni utachukua wiki nyingi kabla majani yake hayajagusana na ya jirani. Katika wiki hizo zote udongo ulio kati ya mistari uko wazi: unamwagiliwa, unapaliliwa, unapigwa na upepo, na hauzalishi chochote isipokuwa magugu.

Mahali hapo ndipo ninapoweka saladi, aina ya majani yasiyofunga. Navuta kamba katikati ya mistari miwili ya kabichi, natoboa mashimo kila sentimita 25, natia konzi ya samadi iliyooza vizuri, kisha naweka mche wa saladi kwa kina kile kile ulichokuwa nacho kitaluni, maana ukizikwa hadi moyoni unaoza. Naipanda siku ile ile ya kupandikiza kabichi au siku chache kabla yake, ili isije ikakutana na kabichi iliyokwisha kutanua majani. Baada ya mwezi mmoja hivi naanza kuchuma majani ya nje, nikiacha ya katikati yaendelee. Majani ya kabichi yakibakiza upana wa kiganja kuifikia saladi, nachukua kisu na kuikata saladi yote usawa wa ardhi. Siing'oi, kwa sababu mizizi mingi ya kabichi iko karibu na uso wa udongo, na mche unaong'olewa ubavuni mwake huikatakata.

Wakulima wengi wanaojaribu mchanganyiko huu hukata tamaa katika hatua hiyo ya mwisho. Saladi bado inapendeza, bei yake gulioni si mbaya, na mtu anaona uchungu kuikata; basi anaiacha wiki mbili zaidi. Kabichi nayo inaanza kugombea maji na chakula wakati ule ule inapotaka kufunga, na matokeo yake ni vichwa vidogo ambavyo mnunuzi akivipima kwa mkono anavirudisha chini. Mimi nasema wazi kwamba saladi ni mgeni wa kabichi, na tarehe ya kumwondoa mgeni huyo inapaswa kujulikana tangu siku anapokaribishwa. Figili huondoka mapema zaidi, ndani ya mwezi mmoja, ila ni ya ukoo mmoja na kabichi na huwaita wadudu wale wale, kwa hiyo siiweki katikati.

Karoti na vitunguu vimezungumzwa sana kuwa vinapatana kwa sababu ya harufu. Vitabu vya Ulaya husema harufu ya kitunguu humfukuza nzi wa karoti. Mimi sijawahi kumwona nzi huyo katika karoti zangu, hivyo sina sababu ya kuvichanganya kwa ajili yake, lakini naendelea kuvipanda pamoja kwa sababu nyingine inayotosha kabisa. Majani ya kitunguu husimama wima na hayatoi kivuli. Mizizi yake ni mifupi na hunywa juu juu. Karoti huteremka chini. Mstari mmoja wa karoti na mmoja wa vitunguu, sentimita 20 kati yake, hutumia udongo ambao kila kimoja peke yake kingeuacha. Ugumu uko katika palizi, kwa kuwa jembe halipiti na inabidi kung'oa magugu kwa vidole huku umechuchumaa. Kwa tuta la nyumbani hilo linawezekana. Kwa robo eka ya kuuza gulioni, sishauri.

Habari ya kivuli nilifundishwa na mama mmoja jirani, mkubwa kwangu kwa umri na kwa kilimo. Alipita asubuhi nikiwa nachomeka vijiti vya njegere kando ya vitunguu. Nikamwamkia, "Shikamoo mama." Akaitikia, "Marahaba, mwanangu," akasimama akayatazama matuta kwa muda, kisha akauliza njegere hizo zitakuwa na kimo gani zikishapanda. Nikamwonyesha usawa wa kifua. Akasema, "Basi zihamishe. Kitunguu kinataka kuliona jua tangu linachomoza mpaka linatua." Nilikuwa nimesoma mara nyingi kwamba vitunguu na jamii ya mikunde havipatani, na maelezo niliyokuwa nimeyakuta yalizungumzia sumu za mizizi. Mama yule hakutaja sumu. Alinionyesha vivuli vya vijiti vyangu vilivyokuwa vimelala juu ya tuta la vitunguu saa mbili asubuhi, nami nikaona kwamba hiyo peke yake ni sababu ya kutosha. Njegere zikahamia upande wa kusini wa tuta. Mwezi Juni na Julai jua letu hupita upande wa kaskazini, kwa hiyo mmea mrefu ukiwa kusini, kivuli chake huanguka nje ya tuta.

Kuhusu njegere zenyewe, kuna imani iliyoenea kwamba ukizipanda kando ya kabichi zitailisha kabichi naitrojeni papo hapo. Ukweli ni wa polepole zaidi. Ng'oa mche mmoja wa njegere ulioanza kutoa maua, suuza mizizi katika ndoo, utaona vinundu vidogo vimeshikana na mizizi. Kipasue kimoja kwa ukucha. Kikiwa chekundu kidogo au cha waridi ndani, bakteria walio humo wanafanya kazi ya kunasa naitrojeni ya hewani. Kikiwa cheupe bado hawajaanza, na kikiwa cha kijani au kahawia wamemaliza. Naitrojeni hiyo, mche ukiwa hai, sehemu kubwa hutumiwa na mche wenyewe. Jirani hupata faida hasa pale mizizi na majani yanapooza. Kwa sababu hiyo, baada ya kuchuma maganda sing'oi mashina ya njegere bali nayakata, naiacha mizizi ardhini na kuyatandaza majani juu, na kabichi inayopandikizwa hapo baadaye ndiyo inayokula. Kwa hiyo ujirani wa njegere na kabichi nauhesabu kwa misimu, ingawa kwa macho unaonekana kama ni wa mistari.

Sasa wadudu, ambao ndio huwapeleka watu wengi kwenye kilimo hiki. Adui mkubwa wa kabichi zetu ni nondo mdogo ambaye wataalamu humwita Plutella xylostella. Akikunja mabawa, mgongoni huonekana alama nyeupe zilizopangana mithili ya almasi. Kiwavi wake ni wa kijani, na hata akikomaa hazidi sana sentimita moja. Ukimgusa hujinyonganyonga kwa nguvu, akarudi kinyumenyume, kisha akajiangusha na kuning'inia kwa uzi mwembamba. Wale wachanga hula upande wa chini wa jani na kuuacha utando wa juu, ndipo jani linapopata vidirisha vyeupe unavyoweza kuonea mwanga. Mdudu huyu anajulikana duniani kwa kuzoea dawa: mwaka 1953, kule Java nchini Indonesia, ilithibitika kwamba dawa ya DDT haimwui tena, na tangu wakati huo dawa nyingi zimemwishia nguvu katika nchi nyingi. Mkulima anayepulizia kila wiki anawaua kwanza maadui wa nondo huyu, na nondo mwenyewe anabaki.

Ujirani wa mimea unaweza kufanya nini hapa? Kwa miaka mingi jibu lililotolewa lilikuwa harufu: kitunguu, giligilani au nyanya humchanganya nondo asiinuse kabichi. Watafiti wawili wa Uingereza, Stan Finch na Rosemary Collier, waliokuwa katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Wellesbourne, walichapisha mwaka 2000 maelezo tofauti ambayo yamenishawishi zaidi kwa sababu yanalingana na ninayoyaona. Walisema harufu ya kabichi humwambia mdudu kwamba chakula kiko karibu, lakini mahali pa kutua huchagua kwa macho, naye hutua juu ya kitu chochote cha kijani na kuepuka udongo mtupu. Kabichi ikiwa peke yake katika udongo mtupu, kila anapotua anatua pale panapomfaa. Ikizungukwa na majani mengine ya kijani, mara nyingi anatua pasipomfaa, na baada ya kukosea anaondoka. Majaribio yao yalionyesha kwamba hata karatasi za kijani zisizo na harufu yoyote zilipunguza mayai.

Nilipoielewa habari hii niliitazama saladi yangu kwa macho mengine. Ile ile inayofunika udongo ili maji yasipotee, ndiyo inayomficha mche wa kabichi katika wiki ambazo kiwavi mmoja anaweza kuula moyo wake usifunge kabisa. Kinachohitajika ni majani ya kijani kufunika nafasi, wala si jina fulani la mmea. Shamba la kabichi lililopaliliwa likawa safi kabisa, ambalo tulifundishwa kuliona kuwa ndilo zuri, kwa nondo ni meza iliyoandaliwa.

Nyanya siichanganyi na kabichi. Majaribio ya Ufilipino miaka ya 1970 yalionyesha kwamba nyanya ilipunguza nondo huyu, ila mahali pengine matokeo hayakulingana, na katika milima yetu usiku wa Juni una umande mzito na ubaridi ambao bakajani chelewa, ugonjwa unaokausha majani ya nyanya, huupenda. Nyanya inayougua pembeni mwa kabichi inakula muda wangu wote. Haradali nimeona inafaa zaidi, kwa kuwa nondo huipenda kuliko kabichi. Watafiti wa India walipendekeza mistari ya haradali kila baada ya mistari 25 ya kabichi, ikipandwa awamu mbili, siku kama 15 kabla ya kabichi na siku 25 baada yake, ili yasikosekane majani machanga ya kumnasa. Kwa bustani ndogo napanda mstari mmoja mmoja pembezoni. Jambo la lazima ni kuikagua haradali na kuua viwavi vilivyomo, au kuing'oa na kuwapa kuku ikishajaa. Mtego usiokaguliwa unageuka kitalu cha nondo.

Mmea ninaoupenda kuliko yote katika bustani hii ni giligilani, na sababu yangu si majani yake. Naisia kwenye ncha za matuta, na nusu yake naiacha itoe maua. Maua yale meupe ni madogo na asali yake iko juu juu, hivyo nyigu wadogo wenye midomo mifupi huifikia bila shida. Nyigu hao hutaga mayai ndani ya viwavi, na wakishiba asali huishi siku nyingi zaidi na kutaga zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE, Nairobi, kilileta kutoka Taiwan nyigu wa aina hiyo, Diadegma semiclausum, wakaachiwa katika nyanda za juu za Afrika Mashariki, kwa sababu hustawi mahali penye ubaridi. Asubuhi jua likishapasha maua joto, simama karibu na giligilani bila kutikisika: utawaona nyigu wadogo wembamba weusi, pamoja na nzi wenye mistari ya njano wanaoelea hewani palepale, ambao watoto wao hula vidukari. Mtu aliyewaona hao mara moja hataki tena kupulizia dawa bila kufikiri.

Majirani wabaya ni wachache, lakini ni wabaya kweli. Nyanya na viazi mviringo vina ugonjwa mmoja, bakajani chelewa, ule ule ulioleta njaa ya Ireland kuanzia mwaka 1845, na mnyauko bakteria huvipitia vyote viwili. Mnavu nao ni wa ukoo huo, na watu wengi huuacha ujiotee kati ya nyanya bila kujua. Kwa kabichi, jirani mbaya kuliko wote ni sukumawiki ya zamani. Karibu kila nyumba huku ina mashina machache ya sukumawiki nyuma ya jiko, marefu, yanayochumwa mwaka hadi mwaka, na ndani yake vidukari na nondo huishi bila kukatizwa. Miche michanga ya kabichi ikipandwa upande unaopokea upepo uliopita kwenye mashina hayo, haina amani. Mimi niliyahamishia upande wa magharibi wa nyumba, upepo uyavuke baada ya bustani, na miche ya kabichi naiotesha kitaluni mbali nayo.

Tagetesi, ile ya maua ya njano na rangi ya chungwa, inasifiwa kuwa huua minyoo fundo ya mizizi. Sifa hiyo ni ya kweli, kwani mizizi yake ina kemikali inayowadhuru, lakini ua moja moja kati ya karoti halisaidii sana. Panda tuta zima kwa kubananisha, kama miezi miwili au mitatu mwishoni mwa mvua, ulikatekate na kulifukia, ndipo uje na karoti mwezi Juni. Tuta lililokuwa likinipa karoti zenye vidole na vinundu nililitengeneza hivyo, nazo zikanyooka.

Upande wa kusini mashariki nina ua wa alizeti mwitu, ambayo kwetu imejaa kando ya barabara. Inakinga upepo, na majani yake yana naitrojeni nyingi na huoza haraka, kwa hiyo naukata usawa wa kifua na kuyatandaza kati ya mistari baada ya saladi kuondoka, udongo usibaki wazi hata hapo. Kati ya ua na tuta la kwanza naacha njia ya mita moja, maana mizizi yake ina njaa.

Kabichi za mwisho hutoka Septemba. Mashina nayang'oa yote na kuyafukia shimoni, nisiache chakula cha nondo cha kungojea msimu ujao. Matuta ya kabichi yanapokea maharage mvua zikianza, matuta ya njegere yanakaa na matandazo yake, na vichaka vya giligilani vilivyokauka navipukutisha juu ya ncha za matuta. Mbegu chache naweka kwenye chupa, kwa sababu zile zinazoota zenyewe na mvua za Novemba huwahi mno kutoa maua, na mwezi Juni nahitaji nyingine za kusia pamoja na kitalu cha kabichi.